Dawa Iachiliwayo Taratibu: Vitenzi Vinavyotutatiza katika Istilahi za Sindano za Muda Mrefu

Miongoni mwa maandishi yanayozidi kuwafikia wafasiri wa mambo ya afya ni yale yahusuyo dawa ambazo mgonjwa huchomwa sindano moja tu, nazo zikafanya kazi mwilini kwa mwezi mmoja, miezi mitatu au hata miezi sita. Dawa za namna hii si ngeni kabisa kwetu. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu imezoeleka mijini na vijijini, na watu huiita 'depo' bila kuhitaji mkalimani. Lililo jipya ni kwamba aina zake zimekuwa nyingi, kila aina ina njia yake ya kuishikilia dawa, na maneno tuliyokuwa tukiyatumia kwa wepesi yameanza kugongana. Katika makala haya tunakusudia kuyachambua baadhi ya maneno hayo na kupendekeza machache. Tungependa msomaji aone tangu mwanzo kwamba tatizo kubwa halimo katika majina. Limo katika vitenzi. Kitenzi ndicho kimwambiacho mgonjwa kama kuna kitu kilichobaki mwilini mwake, kama kitu hicho kitahitaji kutolewa, na kama anapaswa kurudi.

Ili tusijadili maneno hewani tumejichagulia mahali pa kuyapimia, napo ni Digodigo, kata iliyomo katika tarafa ya Sale, Wilaya ya Ngorongoro. Wenyeji wake ni Watemi, ambao vitabu vingi huwaita Wasonjo, na majirani zao ni Wamaasai. Kwa wote hao Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya zahanati, bali si lugha ya kwanza kusikiwa na mtoto nyumbani. Istilahi inayoeleweka Kariakoo kwa sababu ya mazoea haina budi kueleweka Digodigo kwa sababu ya maana yake, maana mazoea hayo huko hayapo. Isitoshe, mahali palipo mbali na hospitali kubwa ndipo sindano ya miezi mingi inapokuwa na faida zaidi, na ndipo pia kosa la tafsiri linapochukua muda mrefu kugunduliwa. Iko sababu nyingine ya kuichagua Digodigo, ambayo ni mifereji yake ya maji. Tutaifikia baadaye.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Aina ya sindano iliyotufanya tuandike makala haya hutumia polima, yaani dutu ambayo molekuli zake ni minyororo mirefu ya vipande vidogo vilivyounganishwa kimoja kwa kimoja. Polima itumikayo zaidi kwa kazi hii hutengenezwa kwa asidi mbili, ya laktiki na ya glikoliki. Dawa huchanganywa ndani ya polima hiyo na kuingizwa mwilini kwa njia mojawapo ya mbili. Katika njia ya kwanza polima hutengenezwa kuwa vitufe vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchanganywa na kimiminika na kudungwa. Dawa ya luproridi, itumikayo katika saratani ya tezi dume, iliidhinishwa kwa umbo hilo nchini Marekani mwaka 1989. Katika njia ya pili polima huyeyushwa ndani ya kimiminika maalumu. Ikishadungwa chini ya ngozi, kimiminika hicho husambaa na kuondoka, maji ya mwili huingia mahali pake, na polima huganda papo hapo pamoja na dawa iliyomo. Eligard, ambayo nayo ni ya tezi dume, iliidhinishwa kwa njia hii mwaka 2002, na nguvu zake hutofautiana: iko ya mwezi mmoja, na iko ya miezi sita. Tangu hapo maji ya mwili huikata ile minyororo kidogo kidogo. Kinachobaki ni asidi zile zile mbili. Ya laktiki mwili huitengeneza wenyewe kila misuli inapofanya kazi nzito, na mwisho wake ni maji na hewa ya ukaa ambayo hutoka kwa pumzi. Hakuna kinachobaki, wala hakuna cha kutolewa kwa kisu.

Sifa hiyo ya kwisha yenyewe ndiyo inayotaka jina. Wafasiri wengi hukimbilia 'kuoza', wakisema 'polima inayooza mwilini'. Twaelewa walikolitoa neno hilo. Katika mambo ya mazingira tumezoea kugawa taka kuwa zinazooza na zisizooza, na mgawanyo huo hauna kasoro. Lakini tufikirie mtu wa Digodigo anavyolipokea tangazo hilo. Tangu tarehe 1 Juni 2019, siku ambayo mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara, amekuwa akiambiwa kwamba plastiki ni kitu kibaya kwa kuwa haiozi. Sasa anaambiwa kwamba atachomwa kitu cha jamii ya plastiki, na kwamba hiki kitaoza, tena ndani ya mwili wake! Nyamani mwa mtu kinachooza ni kidonda, au jino. Hata akikubali sindano, atakuwa amekubali kwa hofu, na kila akiona uvimbe mdogo mahali alipodungwa ataamini kwamba uozo umeanza. Kwa hiyo 'kuoza' tuliache jalalani, ambako linafaa.

Neno la pili ni 'kuyeyuka', nalo lina haki zaidi kwa sababu tayari limo midomoni mwa watu. Wauguzi husema 'uzi unaoyeyuka' wakimaanisha uzi wa kushonea majeraha ambao hauhitaji kutolewa. Inafaa kukumbuka kwamba nyuzi hizo ni ndugu wa damu wa sindano tunazozijadili: uzi wa Vicryl, ulioanza kuuzwa mwaka 1974, umetengenezwa kwa asidi zile zile za laktiki na glikoliki. Mgonjwa aliyeshonwa uzi huo amekwisha kuishi na polima ya namna hii mwilini mwake, wala hakudhurika. Muuguzi anayetaka kumtoa mtu wasiwasi hana mfano bora kuliko huo.

Hata hivyo 'kuyeyuka' lina upungufu wake. Samli huyeyuka kwa joto, ikabaki samli. Chumvi huyeyuka majini, ikabaki chumvi; anayeonja huijua. Polima hii haibaki polima. Mwanafunzi wa famasia akifundishwa kwamba inayeyuka atashindwa kueleza kwa nini polima yenye sehemu nyingi zaidi za asidi ya laktiki hudumu zaidi kuliko yenye sehemu sawa za asidi zote mbili. Sababu ni kwamba aina moja haipendi maji kama nyingine, na maji ndiyo yanayokata viungo vya mnyororo. Tena katika njia ile ya pili tuliyoieleza, polima huyeyushwa kwanza kiwandani, kabla ya kudungwa. Tukisema inayeyushwa, ikaganda, kisha ikayeyuka, msomaji atadhani tendo la tatu ni sawa na la kwanza.

Kwa maandishi ya kitaalamu tunapendekeza 'kuchanguka'. Kuchangua mnyama si kumkatakata ovyo. Mchinjaji hufuata viungo, akatenganisha paja na nyonga, bega na mbavu, hata mzoga ukawa sehemu zinazojulikana kwa majina. Maji hufanya vivyo hivyo kwa polima: hupita kwenye viungo vya mnyororo na kurudisha zile asidi zilizouunda. Basi 'polima ichangukayo mwilini' ni istilahi inayosema kinachotendeka, na katika nchi ya wafugaji haihitaji maelezo marefu. Lakini tunaonya kwamba neno hili libaki vitabuni. Katika karatasi ya mgonjwa lisiandikwe, kwani hakuna apendaye kusikia habari za kuchanguliwa na mwili wake katika sentensi moja. Mgonjwa aandikiwe kwamba kibebeo cha dawa 'huyeyuka polepole kikaisha, wala hakitolewi'. Maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito, na ndiyo ambayo mara nyingi huachwa.

Sasa tuje kwenye kitenzi cha dawa yenyewe. Maandishi ya Kiingereza yana maneno kadhaa hapa, moja likiwa na maana ya kudumisha, jingine ya kurefusha, jingine ya kudhibiti. Limeenea pendekezo la 'utoaji endelevu wa dawa'. Neno 'endelevu' limepata kazi nyingi tangu tulipoanza kuzungumza juu ya maendeleo endelevu, na si vema kuliongezea hii. Kibaya zaidi ni 'utoaji wa dawa', ambalo hospitalini lina maana yake kamili: ni kazi ya dirisha la dawa. Ofisa asomaye 'utoaji wa dawa wa muda mrefu' atadhani zahanati imeamua kufunga saa mbili usiku. Wengine wamejaribu 'utokaji', lakini dawa 'itokayo mwilini taratibu' ni ile inayouacha mwili kwa mkojo, ambalo ni jambo jingine kabisa na lenye istilahi yake.

Hapa ndipo mifereji ya Digodigo inapotusaidia. Watemi ni wakulima wa umwagiliaji wa tangu kale. Maji ya chemchemi na vijito huongozwa kwa mifereji hadi mashambani, na ugawaji wake umekuwa chini ya baraza la wazee waitwao wenamiji. Sikio la Kiswahili haliwezi kukosa kusikia humo 'wenye miji'. Maji hayaachwi yaende yapendavyo. Huzuiwa, kisha huachiliwa kwa zamu, shamba hili kwa kiasi chake na lile kwa kiasi chake. Kitenzi ni 'kuachilia', na kina mambo yote matatu tunayoyahitaji: kuna kilichoshikiliwa, kuna kinachoshikilia, na kuna kiasi. Kwa hiyo twapendekeza 'uachiliaji taratibu wa dawa' kwa tendo, na 'dawa iachiliwayo taratibu' kwa dawa. Panapokusudiwa kiasi kilichopangwa kwa makini, isemwe 'uachiliaji wa kiasi'. Tumeona hakuna haja ya kuwa na neno la pekee kwa kila neno la Kiingereza, kwani Waingereza wenyewe huyachanganya.

Mfereji hutufundisha jambo jingine ambalo neno 'polepole' peke yake halilisemi. Shamba likipata maji machache kuliko haja yake, kuyapata kwa muda mrefu hakuliokoi. Hali kadhalika dawa katika damu ina kima chake cha chini, ambacho ikiwa pungufu yake haifanyi kazi, na kima cha juu ambacho ikikizidi hudhuru. Sindano nzuri hushikilia kiwango katikati ya vima hivyo viwili. Lakini siku ya kwanza mambo huwa magumu. Dawa iliyo juujuu ya polima, isiyoshikwa sawasawa, hutoka kwa wingi mara tu baada ya kudungwa. Kwa jambo hilo twapendekeza 'mkupuo wa mwanzo'. Watumishi wa umma watalielewa mara moja, kwa kuwa wanajua tofauti ya mafao ya mkupuo na pensheni ya kila mwezi, na mjadala wa kikokotoo umelifanya neno hilo lisisahaulike. Mkupuo ukiwa mkubwa mno, madhara ya dawa huonekana mapema na akiba ya miezi ijayo hupungua.

Mahali dawa ilipowekwa mwilini panaitwaje? Neno la asili ya Kifaransa lililozaa 'depo' lina maana ya bohari. Lakini Bohari ya Dawa ni jina la taasisi ya Serikali, na mfasiri akiandika kwamba bohari ya dawa iko katika nyama ya bega ataleta kicheko. 'Depo' nalo limekwisha kuwa jina la dawa moja, na mwanamume anayetibiwa tezi dume akiambiwa atachomwa depo ana haki ya kushangaa. Twapendekeza 'limbiko', kutokana na 'kulimbika', yaani kuacha kitu kikusanyike kabla ya kukitumia, kama maji ya kisima kidogo. Lisichanganywe na 'limbuko' la mavuno.

Limbiko si lazima liwe la polima, na hapa wafasiri wengi hukosea kwa kudhani sindano zote za muda mrefu ni za aina moja. Sindano ya Depo-Provera ni chembe za dawa zisizoyeyuka upesi. Hazina polima yoyote. Penisilini ya benzathini, wanayochomwa wenye ugonjwa wa moyo uletwao na homa ya baridi yabisi kila baada ya wiki tatu au nne, ni vivyo hivyo. Flufenazini dekanoati, ya wagonjwa wa akili, huwekwa katika mafuta ya ufuta. Lenakapaviri ya kujikinga na virusi vya UKIMWI, ambayo katika utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Uganda na kutangazwa mwaka 2024 hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kati ya wanawake 2,134 walioipata, hudungwa mara mbili kwa mwaka, na limbiko lake ni dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Vijiti vya uzazi wa mpango navyo si limbiko lichangukalo: huwekwa chini ya ngozi na hapana budi kutolewa. Mfasiri asiyetenganisha haya anaweza kumwambia mwenye kijiti kwamba kitaisha chenyewe.

Limbiko lile linaloganda papo hapo baada ya kudungwa lahitaji jina lake. 'Donge' limejaribiwa. Twaliogopa, kwani donge chini ya ngozi ni habari ya saratani, na donge moyoni ni habari ya kinyongo. Twaona 'mgando' lafaa zaidi. Kila mfugaji amewahi kuona maziwa ya majimaji yakawa mgando bila mtu kuyapika. Na kwa bahati njema asidi iliyomo katika maziwa hayo ni ile ile ya laktiki, ambayo jina lake la kigeni limetokana na maziwa. Hata hivyo hatupendekezi kuiita 'asidi ya maziwa' mbele ya mgonjwa, asije akadhani ameambiwa aache kunywa maziwa.

Suala la mahali pa kudunga halina mzaha. Sublocade, sindano ya kila mwezi ya kutibu uraibu wa afyuni na jamii yake, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ina onyo kali kwamba isidungwe katika vena, kwa kuwa itaganda ndani ya damu na yaweza kuua. Onyo hilo likitafsiriwa 'isichomwe kwenye mshipa', tumesema nini? Mshipa katika Kiswahili ni njia ya damu, ni mshipa wa fahamu, na kwa watu wengi ni ugonjwa wa ngiri. Iandikwe 'isidungwe ndani ya mshipa wa damu', na katika maandishi ya kitaalamu 'vena' au 'ateri' zitajwe. Mahali sahihi paandikwe kwa ukamilifu, 'chini ya ngozi' au 'ndani ya msuli'. Wanaopenda kuandika 'musuli' ili lisigongane na vazi hatuwalaumu.

Limebaki jambo la muda, nalo laturudisha tarafani Sale. Mwaka 2011 kijiji cha Samunge, jirani ya Digodigo, kilijulikana Afrika Mashariki nzima wakati maelfu ya watu walipopanga foleni ya magari kwenda kupata dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki dunia mwaka 2021. Dawa hiyo ilikuwa ya mti wa mugariga, na ilinywewa kikombe kimoja, mara moja. Neno 'kikombe' lilipata maana mpya katika lugha ya taifa kwa muda wa wiki chache tu. Hatuna la kusema hapa juu ya dawa yenyewe, tunalitazama neno. Mahali ambapo 'kikombe kimoja' kilimaanisha tiba iliyokamilika, 'sindano moja' itasikiwa vivyo hivyo. Tangazo lisemalo 'sindano moja tu badala ya vidonge vya kila siku' ni sahihi kwa kila neno, na linapotosha. Isemwe 'sindano ya kurudiwa kila miezi sita', kitenzi 'kurudiwa' kikiwa ndani ya jina lenyewe.

Asiyerudi hawi sawa na asiyewahi kuchomwa. Kabotegraviri, sindano ya kinga ya UKIMWI ya kila miezi miwili iliyofanyiwa utafiti Kenya na Uganda miongoni mwa nchi nyingine, huendelea kuwamo mwilini kwa miezi mingi baada ya sindano ya mwisho, lakini chini ya kima cha kinga. Akiambukizwa wakati huo, virusi vyaweza kujifunza kuishinda dawa. Wataalamu hukiita kipindi hicho kwa neno lenye maana ya mkia, kwa sababu ya umbo la mchoro wa kipimo. Asiyeuona mchoro hauoni mkia. Twapendekeza 'masalio ya dawa', na karatasi ya mgonjwa iseme wazi kwamba masalio hayakingi.

Maneno 'kuchanguka', 'limbiko', 'mgando' na 'masalio' ni mapendekezo bado, hayajasanifiwa. Tungependa kupata maoni ya wasomaji, hasa wauguzi wa sehemu za umwagiliaji. Upareni bwawa dogo la kukusanyia maji kabla ya kuyaachilia mashambani huitwa ndiva, na tungefurahi kujua kama kuna aliyewahi kulitumia neno hilo, au la lugha ya Kitemi linalofanana nalo, alipokuwa akimweleza mgonjwa kazi ya sindano.